Sikukuu Bila Hodi

Mwezi wa Agosti jiji la Paris hupungua watu. Mwoka mikate hubandika tangazo la likizo mlangoni, daktari wa mtaa hufunga chumba chake, na familia huelekea baharini au mashambani. Katikati ya mwezi, tarehe 15, ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, siku ya mapumziko kwa nchi nzima ya Ufaransa. Mwaka 2003 iliangukia Ijumaa, ikaungana na Jumamosi na Jumapili. Mwenye gari au nauli alikuwa ameshaondoka. Nyuma walibaki wengi wa wale ambao safari iliwashinda, hasa wazee wanaoishi peke yao.

Tangu tarehe 4 ya mwezi huo, joto la mchana mjini Paris lilikuwa limepita nyuzi 35 kila siku, kwa siku tisa mfululizo, likakaribia 40. Usiku ndio uliokuwa mbaya zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 joto halikushuka chini ya nyuzi 25, katika jiji ambalo nyumba zake zilijengwa kwa kuogopa baridi na ambako kiyoyozi nyumbani kilikuwa kitu adimu. Mapaa mengi ya Paris yameezekwa kwa mabati ya zinki, na chini yake kuna vyumba vidogo vya ghorofa ya juu kabisa, vingine havifikiwi na lifti. Mzee aliyelala humo hakupata hata saa chache za kupoa kabla jua halijachomoza tena.

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho. Hewa ikishakuwa na joto kuliko ngozi, jasho ndilo tegemeo pekee, na jasho linataka maji. Umri unapokwenda mtu hutoka jasho kidogo, na kiu huchelewa kumjia hata pale maji yamempungukia. Akiwa anatumia dawa za presha zile zinazomfanya aende haja ndogo mara kwa mara, upungufu huo huja upesi zaidi. Naye halii wala hapigi kelele. Huchoka, hulala mchana, akiulizwa hujibu mambo yasiyoeleweka, kisha hajibu kabisa. Feni nayo, chumba kikishawaka kiasi hicho, humpulizia hewa ya moto tu.

Hapa ndipo utulivu wa likizo ulipofanya kazi mbaya. Siku za kawaida, dirisha lililofungwa tangu jana humshtua jirani, na simu isiyopokelewa humfanya mtoto aulize. Katika majira ya likizo, kila kimya kina maelezo mazuri: labda ameondoka, labda amepumzika, tusimsumbue. Wazee walifariki ndani ya adabu hiyo. Baadhi yao waligunduliwa kwa harufu.

Daktari Patrick Pelloux, kiongozi wa chama cha madaktari wa dharura, alitangaza hatari hiyo kwenye televisheni tarehe 10. Siku iliyofuata waziri wa afya, Jean-François Mattei, alihojiwa akiwa kwenye nyumba yake ya likizo, akijaribu kuwatuliza wananchi. Rais Jacques Chirac alikuwa mapumzikoni Canada. Vyumba vya maiti vilijaa, ikabidi miili ihifadhiwe katika ghala la baridi huko Rungis, penye soko kuu la vyakula. Hesabu ilipokamilika, vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida vilikuwa karibu 15,000 kwa siku 20 za kwanza za Agosti. Tarehe 3 Septemba, katika makaburi ya Thiais nje kidogo ya jiji, walizikwa watu 57 ambao hakuna ndugu aliyejitokeza kuwachukua. Rais alihudhuria.

Wengi waliwashutumu watoto kwa kuwatelekeza wazazi. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi. Waliofia majumbani walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Wengine walifia hospitalini na katika nyumba za kulelea wazee, mahali palipopaswa kuwa na wauguzi na vitanda vya kutosha hata Agosti. Taifa zima lilikuwa likizo kwa wakati mmoja, na hakuna aliyepangiwa zamu ya kuwaangalia waliobaki.

Wafaransa walijirekebisha. Serikali za miji huandikisha wazee na walemavu wanaoishi peke yao, ili joto likipanda wapigiwe simu au watembelewe. Kwa sheria ya mwaka 2004, Jumatatu ya Pentekoste, iliyokuwa sikukuu, iligeuzwa siku ya kazi ili mapato yake yasaidie kuwahudumia wazee na walemavu. Julai 2006 joto kali lilirudi. Wataalamu walikadiria kwamba joto la kiasi kile, kwa hali ilivyokuwa kabla ya 2003, lingeua zaidi ya watu 6,000 kupita kawaida; walikufa takriban 2,000. Hao maelfu waliopona huenda waliokolewa zaidi kwa kuonywa mapema na kuulizwa hali zao kuliko kwa mitambo mikubwa.

Kwetu pwani ya Afrika Mashariki, sikukuu za tarehe 9 na 12 Desemba na 12 Januari zote huangukia majira ya joto, wakati unyevu wa hewa hulizuia jasho lisikauke. Vijana huenda ufukweni, na bibi huachwa chumbani chini ya bati, tena akisifiwa kwamba anapenda utulivu wake. Asiachwe. Pigeni hodi asubuhi, na tena jioni, maana chumba cha bati huwa kimeshahifadhi joto la kutwa nzima. Mpeni maji hata akisema hana kiu, mtoeni nje kivulini, mlowesheeni kanga shingoni na mabegani. Akianza kuchanganyikiwa na ngozi inawaka, mwageni maji mwilini na kumpepea palepale huku mkitafuta gari la hospitali. Akiwa hajitambui, msimnyweshe kitu. Na kama jirani yenu mzee hana mtu, basi sikukuu hiyo mtu wake ni ninyi.