Mtungi Unaoteleza Ndani

Mwanzoni mwa 2015 kipindupindu kiliingia Bomet, na hakikuja bila kubisha hodi. Nairobi ilikuwa imeshaanza kuuguza watu mwishoni mwa Desemba 2014, kisha Migori na Homa Bay zikafuata. Lakini sisi wa majani chai, kwenye baridi na mvua nyingi, tulizoea kuamini kwamba maradhi haya ni ya watu wa ziwani na wa mitaa ya mabanda. Imani hiyo haijaisha, na hata mimi inaweza kuniponza nikizubaa. Kabla mlipuko ule haujatulia, zaidi ya watu 10,000 walikuwa wameugua nchini.

Majirani kuugua ilikuwa ishara ya kwanza. Nyingine tunaishi nayo nyumbani. Chukua mtungi wa lita 20 unaotekea maji, ingiza kidole mdomoni mwake, pangusa ukuta wa ndani. Ukihisi utelezi, huo ni utando uliojengwa na bakteria. Shingo ya mtungi ni nyembamba, mkono haupiti, basi tunasuuza juu juu na kurudi kuteka mtoni Nyangores au kwenye chemchemi. Maji yakiwa mang'avu, tunaridhika.

Si kila utelezi ni kipindupindu. Ila vijidudu vya kipindupindu navyo hujenga utando, na ujenzi wake unastahili kueleweka. Kijidudu hutoa sukari ya kunata pamoja na protini. Protini iitwayo RbmA hushikanisha kijidudu mama na watoto wake, ili wasitawanyike wanapogawanyika. Nyingine, Bap1, ina sehemu yenye umbo la pangaboi la mapanga manane, na kando yake kuna kitanzi cha asidi amino 57 kinachong'ang'ania mahali utando ulipotua. Bap1 hiyo, pamoja na ndugu yake RbmC, hufunika kundi zima. Wakishajifunika hivyo, klorini huwafikia kwa shida, na hata asidi ya tumbo la binadamu huwapunguzia makali kidogo tu. Anayemeza kipande cha utando humeza kundi lililokwisha kujihami.

Kwa hiyo tusitie dawa ya maji kwenye mtungi mchafu tukadhani tumemaliza kazi. Kwanza tia kokoto safi, maji kidogo na sabuni, tikisa kwa nguvu mpaka ukuta usiteleze, suuza, ndipo utie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji yenye tope yachuje kwanza. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2003 na Rita Colwell na wenzake ulionyesha kwamba kuchuja kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vijidudu hivi hujibandika kwenye viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa huvizuia. Nusu iliyobaki ndiyo inayodai kuni: chemsha maji ya kunywa, hata yale ya kumpa mgeni wa haraka.

Na mtu akianza kuharisha maji matupu, usingoje kupambazuke. Mchanganyie ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa maji yaliyochemshwa, anywe kidogo kidogo mkiwa njiani, mfikishe hospitalini usiku huo huo.