Mashine Ikikosa, Nani Atajibu?



Wakati wa masika iliyopita nilifanya jambo moja ambalo sitaki kuwaficha, kwa kuwa ndilo lililozaa mafundisho ya leo. Ilikuwa Jumamosi jioni. Nilikuwa nimesahihisha madaftari ya watoto hata macho yakachoka, na mafundisho ya kesho yake juu ya amri ya saba hayakuwa tayari. Basi nikapanda kilimani, mahali simu inapopata mtandao, nikaiomba ile mashine wanayoiita akili bandia iniandikie mafundisho juu ya mshahara wa mfanyakazi. Kabla mtu hajamaliza Salamu Maria tatu, maneno yalikuwa tayari, tena kwa Kiswahili safi kuliko changu. Kesho yake nikayasoma mbele ya wakatekumeni kana kwamba ni yangu.

Nilipomaliza, mzee mmoja aliinua mkono, akasema: «Mwalimu, maneno haya ni mazuri. Lakini leo husemi kama unavyosema siku zote. Ni nani aliyeyasema?» Nikaona haya, nikakiri. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: «Basi, ikiwa ndani yake mna kosa, nasi tukalifuata, tutamwuliza nani? Wewe ao simu?»

Kijana mmoja akaongeza: «Na kama simu yafundisha bure, kwa nini misioni iendelee kumlipa mwalimu?»

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nina watoto wanne nyumbani. Tuyachungue maswali hayo mawili kwa utaratibu.

1. Akili bandia ni kitu gani?

Si pepo, wala si mtu aliyefichwa ndani ya simu. Ni mashine ya kuhesabu. Watu waliilisha maandiko mengi mno, yaliyoandikwa na watu wa nchi nyingi, nayo ikahesabu ni neno gani hufuata neno gani. Ukiiuliza jambo, hupanga maneno moja baada ya jingine kwa kuzifuata hesabu hizo. Kwa hiyo yaweza kusema kweli, na yaweza kusema uwongo kwa sauti ile ile, bila kuona haya. Tangu mwezi wa Novemba 2022, mashine moja ya namna hii ilipofunguliwa kwa watu wote, imeenea upesi sana. Huandika barua, hutafsiri lugha, na husaidia waganga kuzitazama picha za mifupa na mapafu. Ni chombo cha nguvu. Lakini dhamiri haina. Na asiye na dhamiri hawezi kutubu wala kulipa deni.

2. Juu ya kazi

Katika kijiji nilichozaliwa, mama zetu walitwanga mihogo tangu alfajiri. Mashine ya kusaga ilipofika, walimshukuru Mungu, kwa kuwa migongo yao ilipumzika. Lakini palikuwa na wajane watatu ao wanne waliokuwa wakitwanga unga wa watu wengine ili wapate chumvi na sabuni. Hao walikosa kazi siku ile ile. Je, mashine ilitenda dhambi? Hapana. Je, aliyeinunua alikosa kwa kuinunua? Hapana vilevile. Lakini kijiji kizima kilichopata faida kilikuwa na deni kwa wajane wale, na deni hilo halikulipwa. Kila mtu alisema: «Ni mashine.» Ndiyo maana hakuna aliyeulizwa.

Neno hilo ni la zamani. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1811 na 1816, mafundi wa nguo walioona mshahara wao unapungua walivunja mashine mpya, na sheria ya mwaka 1812 ikaweka adhabu ya kifo kwa wavunjaji. Watoto wadogo wakaendelea kufanya kazi mchana kutwa katika viwanda. Mwaka 1833 sheria iliwakataza wenye viwanda vingi vya nguo kuwaajiri watoto wasiotimiza miaka 9. Na mwaka 1847 ikawekwa mipaka ya saa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana. Sasa fikirini vema: mashine za kusokota hazikuwa na huruma zaidi mwaka 1847 kuliko mwaka 1812. Watu ndio walioamua vingine. Na mwaka 1891 Papa Leo XIII aliandika waraka juu ya haki za wafanyakazi. Baba Mtakatifu Leo XIV, alipochaguliwa mwezi wa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alilitwaa jina hilo hasa kwa ajili ya waraka ule, kwa kuwa akili bandia inaleta mageuzi mengine ya kazi.

Mageuzi hayo si madogo. Mwezi wa Januari 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba kazi kama 40 katika kila 100 duniani zitaguswa na akili bandia. Katika nchi tajiri 60, katika nchi maskini 26. Kuguswa si kufutwa: kazi nyingine zitasaidiwa, nyingine zitapotea. Jembe letu halitaondoka kesho. Lakini watoto wetu tunaowapeleka shuleni ili wawe makarani, watafsiri na walimu, hao watakutana nayo mlangoni.

3. Juu ya mali

Tusidhani kwamba mashine hii imeumbwa na watu wachache wenye akili huko mbali, nasi ni watazamaji tu. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika Kongo yetu, hasa upande wa Kolwezi, nayo hutiwa katika betri za simu. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, huchimbwa kwa koleo na mikono, nayo huingia katika vyombo vya namna hiyo. Tena huko Nairobi vijana walilipwa kati ya dola 1 na 2 kwa saa ili wasome maandiko ya kutisha na kuyatia alama, mashine ijifunze kutoyarudia. Habari hiyo ilijulikana mwezi wa Januari 2023. Na maneno yenyewe iliyolishwa mashine ni maneno ya watu wasiohesabika, ambao hawakuulizwa.

Upande wa pili, kampuni ya Nvidia ya Marekani, inayobuni vipande ambavyo ndani yake hesabu hizo hufanyika, mwezi wa Julai 2025 ilikuwa ya kwanza duniani kufikia thamani ya dola bilioni 4,000.

Mtu atasema: «Waliobuni wana haki ya malipo yao.» Ni kweli, nami sikatai. Mwenye kisu kikali hukata nyama nzuri. Lakini shamba lililolimwa na mikono mingi, mavuno yake yakijaza ghala moja tu, pana neno la kuulizwa. Yule bwana wa shamba la mizabibu, tunayemsoma katika Injili, hakuwadharau waliosimama sokoni hata jioni kwa kukosa wa kuwaajiri. Aliwapa ya kuwatosha. Alijua kwamba mtu asiyepata kazi bado ana tumbo.

4. Juu ya serikali

Sikilizeni yaliyotokea Uholanzi. Ofisi ya kodi ilitumia mashine ili kuchagua ni nani achunguzwe kati ya wazazi waliosaidiwa fedha za kulelea watoto. Kutokuwa raia wa Uholanzi kulihesabiwa kuwa dalili ya hatari. Maelfu mengi ya wazazi walishtakiwa kwa uwongo kuwa wadanganyifu, wakadaiwa kurudisha fedha wasizoweza kulipa. Familia zikavunjika, na watoto zaidi ya 1,000 wakaondolewa kwa wazazi wao. Mama aliyekwenda ofisini kuuliza kosa lake hakuonyeshwa. Ofisa aliitegemea orodha, na orodha haina masikio. Mwishowe, tarehe 15 Januari 2021, serikali nzima ilijiuzulu. Angalieni basi: siku ya kujibu, haikujiuzulu mashine, walijiuzulu watu.

Na pana hatari nyingine, isiyo na kelele. Mkubwa anayehitaji mikono ya watu wake kwa kazi, kodi yao kwa hazina, na vijana wao kwa ulinzi, hulazimika kuwasikiliza, hata asipowapenda. Siku atakapopata mashine za kufanya hayo yote, atawasikiliza kwa sababu gani? Kwa haki tu. Kwa hiyo haki iandikwe katika sheria mapema, wakati mikono yetu ingali inahitajiwa. Atakayengoja hata isihitajiwe atakuwa amechelewa.

5. Majibu yangu

Jumapili iliyofuata nilisimama tena mbele ya wakatekumeni wangu, na mafundisho mafupi niliyoyaandika kwa mkono, yenye makosa yangu mwenyewe. Nikamwambia mzee: «Baba, ukiona kosa humu, niulize mimi. Hata nikisaidiwa na simu siku nyingine, nitawaambia, nitayapima maneno yake kwanza, na kosa litakuwa langu.» Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali.

Kijana naye alingoja jibu lake. Nikamwambia kwamba siwezi kumwahidi kuwa mwalimu atalipwa daima. Labda siku moja nitakuwa kama wale wajane. Lakini siku hiyo ikifika, asiniambie mtu, «Ni mashine.» Aje mtu, anitazame usoni, aseme: «Mimi nimeamua hivi, kwa sababu hii.» Hapo nitaweza kumjibu, naye ataweza kuona haya, na huenda tukatafuta njia pamoja.

Basi, wapenzi, mkitumia vyombo hivi, vitumieni kama watu. Msivisujudu, wala msivivunje kwa hasira. Lakini kila mara mtakaposikia, «Ni mashine iliyoamua», ulizeni kwa adabu, tena msichoke: Nani aliiweka? Nani anapata faida? Nani atajibu?

Ya kukariri

Swali: Je, mashine yaweza kutenda dhambi?
Jibu: Hapana. Mashine haina dhamiri. Dhambi ni ya mtu aliyeiweka ao aliyeitumia vibaya.

Swali: Je, ni kosa kutumia mashine inayopunguza kazi?
Jibu: Si kosa, lakini waliopata faida wana deni kwa wale waliopoteza riziki.

Swali: Mkubwa akisema kwamba mashine ndiyo iliyohukumu, je, ameondokewa na hatia?
Jibu: La. Aliyeiachia mashine hukumu, ndiye atakayeulizwa hukumu hiyo.