Wazo la Leo: Kitabu Huenda na Kurudi

Mwaka 1961 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, wakiongozwa na Kinji Imanishi, walianza kuchunguza sokwe magharibi mwa Tanganyika. Mwaka 1965 mwenzao, Toshisada Nishida, akaweka kituo Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Sokwe ndio waliowaleta, lakini watu nao wakawa somo. Katika miaka ya 1970 mtafiti mwingine Mjapani, Makoto Kakeya, aliishi na Watongwe, wenyeji wa misitu iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Mpanda, akaandika jinsi walivyolima, walivyovua, walivyowinda na walivyokirimiana. Alieleza kuwa kaya ililima kiasi cha kuitosha, na kwamba chakula kilizunguka kijiji hadi kijiji kwa sababu watu walitembeleana.

Kwa maandishi ya namna hiyo, msomaji wa Kyoto humjua Mtongwe bila kufika kwao. Njia hiyo hupitika pia kwa kurudi: msomaji wa huku naye huijua Asia kwa vitabu vyake. Sima Qian aliandika historia ya China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, akiwaweka wafanyabiashara na wauaji kando ya wafalme. Murasaki Shikibu, mwanamke wa ikulu ya Japani, alitunga riwaya ya Genji yapata miaka 1,000 iliyopita, juu ya mapenzi, wivu na vyeo.

Bidhaa huonyesha taifa linatengeneza nini. Vitabu huonyesha linamheshimu nani, linaogopa nini na linalilia nini.