Je, Ni Haki Kumkamata Ndege ili Kumjua?

Mwaka 1899, huko Viborg katika nchi ya Denmaki, mwalimu Mortensen aliwafunga kwezi pete zenye nambari mguuni, apate kujua safari zao. Hata leo wataalamu hutega nyavu nyembamba, huwashika ndege waimbao, huwapima na kuwaachilia. Walio wengi huruka wazima. Lakini ndege hajui kwamba mkono ule hautamwua. Zipitapo dakika tatu hivi, homoni ya mfadhaiko huanza kuzidi katika damu yake. Na akiisha kuachiliwa, mara nyingi huepuka mahali pale penye wavu.

Basi, ndugu wasomaji, ni haki? Katekisimu ya Kanisa (1992) yafundisha kwamba kumtesa mnyama bila lazima ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Haikatazi uchunguzi, yadai sababu ya kweli na kiasi. Tena, amtiaye ndege hofu, kisha akaandika mwenendo wake, huenda ameandika hofu aliyoileta mwenyewe. Hivyo ukatili huiharibu hata elimu. Ashikaye ashike kwa haja, upesi, kwa mikono iliyofundishwa. Maana hata shomoro mmoja hasahauliwi na Mungu.