Nani Alikuitikia?

Nilisema ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Nilisema hivyo mbele ya watu kama kumi na tano waliouzunguka moto, usiku wa Februari, kaskazini mwa Florida, na hakuna aliyenitilia shaka.

Si wimbo wa kubembeleza mtoto.

Muhula ule sikuwa na vipindi. Nilikuwa na tasnifu tu, na tasnifu ya takwimu unaweza kuiandikia popote penye umeme. Wazee wawili wa Ohio, waliokuwa wamenipokea tangu wiki ile niliyofika na koti lisiloweza baridi, husafiri kila Februari kwenda kusini wakivuta trela la kulala nyuma ya pikapu. Wanazunguka matamasha ya muziki wa asili. Mzee anapiga banjo. Mama anapiga fidla, na ndiye dereva, maana macho ya mzee hayaamini tena giza. Waliniambia kitanda cha tatu kipo: ni meza ya kulia chakula, ukiikunja.

Nilidhani nitakwenda kustarehe. Kumbe trela wakati wa baridi halina maji. Mabomba yake hujazwa dawa ya rangi ya waridi ili yasigande na kupasuka, na hamthubutu kuyafungulia mpaka mvuke eneo la barafu. Kwa hiyo Kentucky, Tennessee na nusu ya Georgia tulizijua kwa vyoo vya vituo vya mafuta. Usiku jiko la gesi lilizimwa, nami nililala na soksi tatu, nikisikiliza wazee wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu nani kasahau kufunga dirisha la juu.

Mchana wa tamasha kuna jukwaa, viti vya kukunja na watu wazima wenye mablanketi magotini. Hayo unaweza kuyaona hata kwenye video. Jambo lenyewe huanza usiku, katikati ya matrela. Mtu anawasha moto, mwingine anatoa gita, na kabla maji ya chai hayajachemka duara limekamilika. Sheria ni chache. Wimbo unazunguka kwa zamu: ikikufikia unaanzisha, au unatikisa kichwa na zamu inampita jirani. Usiyejua unafuata. Hakuna karatasi. Nilikaa usiku nne nikitikisa kichwa.

Mzee alikuwa na furaha ya pekee kuwa nami pale. Alinionyesha ile nyuzi fupi ya tano ya banjo, isiyofika mwisho wa shingo, akanieleza kwamba chombo hiki kilitoka Afrika, kwamba Wajola wa Senegambia mpaka leo wana akonting yao ya kibuyu na ngozi yenye nyuzi fupi kama ile, kwamba watu waliotumwa utumwani ndio waliounda banjo upande huu wa bahari, na wazungu wakajifunza kwao katika karne ya 19. Yote ni kweli. Kisha akasema, "Kwa hiyo hiki ni chenu." Nikatabasamu. Mimi ni mtu wa Lindi. Kutoka Lindi hadi Dakar ni mbali kuliko kutoka Dakar hadi pwani ya Brazili. Alikuwa ananipa urithi wa watu wengine kwa moyo mweupe kabisa, na sikujua namna ya kuukataa bila kuonekana nakataa wema.

Tulipiga kambi White Springs, kando ya mto Suwannee, kwenye hifadhi yenye jina la Stephen Foster. Mwaka 1851 Foster alitoa wimbo kuhusu mto huo, sauti ya mtumwa anayelililia shamba la bwana wake, ukaimbwa na wazungu waliojipaka masizi usoni. Hakuwahi kuuona mto wenyewe. Alitaka jina lenye silabi zinazokaa vizuri, akalipata kwenye ramani. Tangu 1935 ndio wimbo wa jimbo la Florida. Mwaka 2008 maneno yakabadilishwa ili uweze kuimbwa bila aibu. Nilisimama ukingoni. Maji yake ni meusi kama chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Mto haukuwa na kosa lolote.

Nilimuuliza mzee kama haoni tatizo. Aliona, akalisema vizuri kuliko mimi. Lakini akamalizia na jambo analoliamini kwa dhati: nyimbo za asili hazina mwenyewe, ndiyo maana zikaitwa za asili. Akiziimba kila mtu, zinaishi.

Kwetu nilifundishwa kinyume chake. Bibi yangu ni kungwi. Desemba, shule zikifungwa, nyumba yake hujaa wasichana, na nilipokuwa na miaka 13 nilikuwa mmoja wao. Zipo nyimbo ambazo bibi haziimbi akiwa anatwanga, wala Juni, wala mbele ya mwanamume. Si kwamba zina matusi, ingawa zipo zenye matusi ya kutosha. Ni kwamba zina mlango. Unaingizwa, unaimbiwa usichokielewa, unaitikia, na siku zinazofuata unaelezwa ulichoitikia.

Usiku wa tano, kwenye tamasha dogo nisilolitaja jina, zamu iliponifikia mama aliniwekea mkono begani, akasema, "Chochote cha kwenu." Ningeweza kuimba "Malaika". Wazee wa umri ule wanaijua kwa Miriam Makeba na Harry Belafonte, wangenisaidia hata maneno. Lakini nilikuwa nimechoka kupewa vitu vya Afrika nzima kana kwamba ni vyangu. Nilitaka niweke motoni kitu ambacho ni changu hasa, ambacho hakuna hata mmoja wao angeweza kuniambia kilikotoka. Kulikuwa na majivuno ndani yake, lazima nikiri. Nikaimba wimbo wa mlangoni.

Wakaitikia. Sikuwaomba. Wale ni watu waliozoea kufuata wasichokijua. Mara ya pili walikuwa wameukamata mwitikio, mara ya tatu mandolini imepata ufunguo, mara ya nne nilisikia sauti za wanaume zikipanda chini ya yangu, nzito, kwa Kimwera cha ajabu. Nywele zilinisimama. Tulipomaliza mtu mmoja akauliza wimbo unahusu nini, na mama, mwenye mjukuu wa mwezi mmoja, alikuwa ananitazama kwa macho yale. Nikasema ni wa kubembeleza mtoto.

Njiani kurudi nilijitetea kama mwanafunzi wa takwimu anavyojitetea: madhara ni kiasi gani? Siri iliyosemwa kwa lugha isiyoeleweka na yeyote aliyepo, imetoka kweli? Tena Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alipeleka ngoma ya unyago majukwaani Ulaya, na walionung'unika walikuwapo. Ila Bi Kidude alikuwa kungwi. Alifungua mlango aliokabidhiwa ufunguo wake.

Nilimkumbuka pia Zora Neale Hurston, aliyekusanya nyimbo huko huko Florida miaka ya 1930. Kuna rekodi ya mwaka 1939, Jacksonville, anaulizwa anajifunzaje. Anaeleza kwamba huingia kwenye kundi, huimba nao kidogo kidogo, kisha huwaimbia wenyewe mpaka wao waseme sasa ameupata. Nilipenda hapo. Wenye wimbo ndio wanaoamua. Mimi sikumpa mtu yeyote nafasi ya kuamua: si bibi, si wale waliokuwa wanaitikia.

Machi, mama alinitumia ujumbe wa sauti. Mjukuu alikuwa halali, alijaribu kila kitu, akakumbuka wimbo wangu. Nyuma ya maneno yake nilisikia kiti kikilia, na yeye akiimba mwitikio, polepole, bila kukosea hata silabi. Mtoto yuko kimya. "Unafanya kazi," akasema kwa kunong'ona.

Nilimpigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekula?"

Nikamweleza. Ilichukua muda, maana ilibidi kwanza nieleze trela. Kimya. Nikasikia kuku wake.

"Wanaume walikuwapo?"

"Walikuwapo."

"Mh." Halafu: "Nani alikuitikia?"

"Wote, bibi."

"Wote? Na wanaume?"

"Na wanaume."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi umewacheza! Aliyeitikia ameshaingia. Sasa hao ni wali wako, wazee wazima na ndevu zao. Utawafunda lini?" Akacheka tena. "Na uliwaambia ni wimbo wa nini?"

Nikamwambia. Hapo akaacha kucheka.

"Mwali hudanganywa siku ya kwanza," alisema. "Wewe pia tulikudanganya. Lakini haachwi akaenda kwao na uongo."

Jumamosi nilipanda basi hadi kwa wazee. Trela lilikuwa uani, limefunikwa turubai. Nilimweleza mama jikoni kadiri ninavyoruhusiwa kumweleza mtu: wimbo ni wa nani, unaimbwa lini, anayeuimba anaahidi nini. Nilimwomba radhi. Hakukasirika. Alikunja kitambaa cha vyombo mara mbili, akakikunjua.

"Niache kumwimbia?"

Nikasema sijui, na nilikuwa nasema kweli.

"Ni msichana," alisema. "Akifika umri huo, ni nani atakayemweleza?"

Nilipiga hesabu. Nitakuwa na miaka 38. Viza yangu inaisha Agosti.