Ukijua hoteli itapanuliwa, umwambie mwenye kibanja?

JE, mtu anayejua jambo litakalopandisha bei ya ardhi, kisha akamfuata asiyejua na kununua kwake kwa bei ya jana, amefanya biashara au ameiba?

Swali hili lilinijia kwa njia ya simu. Rafiki yangu tuliyesoma naye Bukoba alinipigia akasema: "Ndugu yangu, kuna vibanja viwili Muleba vinatazama ziwa. Hoteli ya jirani itapanuliwa. Wanaleta mabwawa ya kuogelea na michezo ya maji kama ile ya Kunduchi kule Dar. Aliyeniambia ameiona ramani. Tununue kabla wenyeji hawajashtuka."

Kabla wenyeji hawajashtuka! Ndugu msomaji, nilikubali haraka kuliko ninavyopenda kukiri. Jumamosi yake tulikuwa Muleba. Mwenye kibanja alikuwa mama mjane, mtu mzima, anauza kipande apate fedha za matibabu. Hakutuuliza mengi. Alitaja bei, akaniangalia, akasema: "Mwanangu, hapa unataka kupanda nini?"

Nikamjibu: "Vanila, mama."

Njia nzima ya kurudi Bukoba nilikuwa nalitafuna neno hilo. Sikuwa nimepanga kusema uongo, nilikuwa nimepanga kunyamaza tu. Lakini aliponiuliza swali dogo ambalo kila muuza shamba huuliza, ukimya wangu haukuweza kusimama bila kuegemezwa na uongo. Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka hoja ya wale wanaosema kunyamaza si kudanganya.

Tetesi za namna hii Kagera si ngeni. Tangu mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,700 na inayoingia hadi Muleba, kila mwenye shamba amesikia kuwa watalii wanakuja. Wengine wanauza kwa tetesi, wengine wananunua kwa tetesi. (Wanunuzi wa ufukwe wangekumbuka pia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini nani anasoma sheria akiwa na haraka ya kutajirika?)

Rafiki yangu ana wakili mkubwa katika hoja yake, naye ni Walt Disney wa Marekani. Miaka ya 1964 na 1965, alipotaka kujenga bustani yake ya michezo karibu na Orlando, Florida, alinunua ardhi kupitia makampuni yenye majina ambayo hakuna aliyeyajua. Alikusanya zaidi ya ekari 27,000 kwa takriban dola milioni 5, yaani chini ya dola 200 kwa ekari. Oktoba 1965 gazeti la mji ule lilipofichua mnunuzi ni nani, bei zikapaa. Leo watu wanamsifu kwa werevu. Rafiki yangu anauliza: Alimlazimisha nani? Na je, kama bustani ingeshindwa kujengwa, wale wauzaji wangemrudishia fedha zake?

Hoja hii ina uzito. Mnunuzi anabeba hatari, na mambo ya kesho ni ghaibu. Anayekisia kwa akili yake, akaweka fedha zake mahali, sioni wa kumlaumu. Lakini aliyeonyeshwa ramani hakisii. Hatari kwake ni ndogo, na faida yake yote inatokana na jambo moja tu, kwamba yule mama hajaiona ramani hiyo. Ondoa ujinga wa yule mama na faida inatoweka.

Mtume Muhammad (s.a.w.) alikataza watu wa mjini kuwatokea njiani wafanyabiashara wa misafara kabla hawajafika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu aliyetoka safari haijui bei ya mjini, na anayemtokea anaijua. Muuzaji akifika sokoni akaona amepunjwa, ana hiari ya kuvunja mauzo. Mjane wa Muleba atafika soko lipi? Soko lake ni siku tingatinga litakapoingia, na siku hiyo hati imeshaandikwa.

Sahaba Jarir bin Abdullah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona farasi, alimwambia muuzaji kuwa thamani yake ni zaidi, akapandisha bei mwenyewe hadi 800. Alisema alimuahidi Mtume kumtakia kheri kila Muislamu. Wangapi kati yetu tungeitwa wendawazimu kwa kufanya hivyo?

Wahaya nao walijua kuwa kibanja si gunia la kahawa. Mwaka 1990, katika kesi maarufu iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, hapo hapo Muleba, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kuwa mwanamke ana haki ya kuuza shamba la ukoo sawa na mwanamume. Bibi mzee asiye na wa kumtunza alikuwa ameuza kwa shilingi 300,000, mpwa wake akapinga. Wengi tunakumbuka ushindi wa bibi yule. Mimi nakumbuka pia desturi iliyokuwamo ndani ya kesi ile, kwamba ndugu wa ukoo anaweza kulikomboa shamba kwa kurudisha fedha za mnunuzi. Haki ya kuuza bila haki ya kujua unachouza ni nusu ya haki.

Wiki iliyofuata nilirudi Muleba peke yangu. Nilimwambia mama kuhusu hoteli, mabwawa na ramani, na kwamba vanila ilikuwa uongo. Alikaa kimya kitambo, kisha akaonyesha migomba nyuma ya nyumba, walipolala mumewe na wakwe zake. "Na hao wanaokuja kuogelea," akauliza, "watapita wapi?"

Kibanja bado hakijauzwa. Rafiki yangu hapokei simu zangu, na fedha za matibabu zimepatikana nusu tu, kwa michango.