Kunguru wa Mtaani Kwetu



Watoto wetu wa Dar es Salaam wanamjua simba na twiga kwa picha, lakini ukiwauliza jina la mti unaowapa kivuli nje ya kanisa, wengi hunyamaza. Tumewazoesha kudhani kwamba viumbe vya Mungu viko Mikumi na Serengeti, mahali pa kwendea kwa nauli. Bwana Yesu, alipotaka watu wajue jinsi Baba anavyowatunza, hakuwapeleka mbali. Katika Mathayo 6 aliwaonyesha ndege. Katika Luka 12 alimtaja kunguru kwa jina. Kunguru! Ndege ambaye Torati yakataza kumla.

Hapa kwetu yuko juu ya kila paa, basi tuanze naye. Mwambieni mtoto atazame shingo. Mwenye shingo ya kijivu ni mgeni. Asili yake ni Bara Hindi, naye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka za mji, kisha akaenea pwani. Yule mwenye kifua cheupe ndiye wa kwetu hasa, na siku hizi ni shida kumwona mjini. Mgeni huyu hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na kwa ajili hiyo ametegwa na kuwekewa sumu.

Hapo mtoto atauliza: kama Mungu humlisha kunguru, mbona sisi twamwua? Tusimkemee. Ni swali zuri kuliko mengi yaulizwayo katika darasa la kipaimara. Mimi ningemjibu hivi: Mungu alimwumba kunguru, lakini aliyempakia chomboni ni binadamu. Na hapa mjini anayemwandalia meza ni sisi, kwa vichwa vya samaki na makombo ya ugali tunayotupa wazi jalalani. Adamu alipewa bustani aitunze. Sisi tumepewa uchochoro na jalala lake. Mtoto akilielewa hilo atafunika pipa la taka kabla ya kushika manati.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, watoto wa Shule ya Jumapili watakaa robo saa chini ya mwarobaini. Kila mmoja aje na daftari na penseli, ahesabu kunguru, na amchore ndege mwingine yeyote atakayemwona. Wazazi, kaeni nao. Manati ziachwe nyumbani.